Kibali cha Shemeji Nestori

Shanwe, Jumamosi, Agosti 1996

Na wala shemeji hakunikasirikia. Afadhali angenikasirikia.

Mchana baba alinisifu tena mbele ya wageni: mwanangu anafundisha sheria za Ulaya chuo kikuu, huko watu wanavuka mipaka bila kuulizwa. Nikanogewa. Nikaeleza mpaka ugali ukapoa.

Nestori, mume wa dada, alikuwa akisikiliza. Yeye ni mkimbizi kutoka Burundi, tangu utotoni haruhusiwi kutoka kwenye makazi ya wakimbizi bila kibali cha serikali.

“Shemeji,” akaniuliza, “Jumatatu ni arobaini ya bibi yetu kule Karema. Kibali changu kinaishia hapa mjini. Nitafikaje?”

Wote wakanigeukia. Nimeandika kitabu kizima juu ya haki ya mtu kwenda atakako, lakini sheria inayomfunga mkwe wetu sijawahi hata kuisoma.

“Hiyo siyo fani yangu,” nikasema. Tena kwa sauti ile ya darasani!

Dada akainuka, akaanza kukusanya sahani ambazo hatujamaliza kulia.

“Basi, nyie mtanisalimia wafiwa,” Nestori akasema taratibu. Kisha, ili nisifedheheke, akaniomba niendelee na habari za Ulaya.

Nami nikaendelea.