Mkokoteni wa Jumapili

Kariakoo, Dar es Salaam
12 Novemba 1974

Mkwe wangu Shaibu,

Salaam zikufikie huko Kidatu. Kwanza pumua: mkeo Siwema ni mzima, na umepata binti. Yaliyobaki yasome ukiwa umekaa.

Uchungu ulimshika Jumapili saa tisa alasiri, wakati magari yamepigwa marufuku barabarani ili taifa liokoe mafuta. Nikakimbilia kwa jirani yetu Zahoro, mwenye Peugeot.

"Shikamoo, mzee," akasema, bila hata kuinuka. "Si wewe uliyeandika gazetini kwamba anayelilia gari Jumapili ni kibaraka wa mabepari? Askari wamejaa njiani. Tembeeni!"

Ila aliinuka, akatafuta mkokoteni wa muuza machungwa. Tukamlaza Siwema juu ya magunia, mimi nikivuta, Zahoro akisukuma, tukakatiza Mnazi Mmoja mpaka hospitalini Upanga. Njia nzima Zahoro alinisomea makala yangu kwa ghibu. Siwema alicheka katikati ya uchungu. Mimi nililia, na usimwambie mtu.

Makala siifuti. Taifa linaloombaomba mafuta kwa wageni bado halijajitawala. Lakini bwawa mnalojenga huko Kidatu ndilo jibu: mto ukizungusha mitambo, mafuta tunayochoma kuwasha taa yatabaki kwa ajili ya kubeba wagonjwa.

Basi chimbeni haraka. Siwema anasema mtoto wa pili hazaliwi mpaka umeme wa maji uwake.

Baba mkwe wako, mwenye malengelenge viganjani,
Fikirini