Mkaa Juu, Udongo Mweupe Chini

Bariadi, Jumatano. Upepo tangu alfajiri, vumbi mpaka ndani ya uji. Mgongo unauma. Moyo umezidi.

Mimi sikukanyaga shule. Ninyi wanangu mnaonifuata hapa mtandaoni mnajua: nasema, mkwe wangu Ng'wasi anaandika kwenye simu. Leo nimemwambia asinirembee hata neno moja.

Mumewe, mwanangu Masanja, ameanza leo kubomoa nyumba yangu ya zamani ya udongo. Mimi mwenyewe ndiye niliyemsumbua aibomoe. Miaka yote hii nimekuwa nikiipita kwa nyuma. Alipofika kwenye chumba cha pamba akaweka sururu chini, akaniita kama mtu aliyeona nyoka.

"Mayu! Mama, njoo uone! Mistari hii alichora nani?"

Nikasema, mimi.

Masanja ananunua na kuuza dengu na choroko, na usipomwangalia anashinda kwenye simu akitazama bei za pamba na dhahabu za huko duniani. Kuna vijiti vya kijani na vyekundu, halafu mistari miwili. Mmoja ni bei ya kila siku, unarukaruka. Mwingine ni wastani wa siku nyingi, unakwenda polepole. Wa bei ukiukata wa wastani kwenda juu, ananunua. Ukiukata kushuka, anauza. Sasa leo kaikuta mistari hiyohiyo kwenye ukuta wa mama yake asiyejua kuandika hata jina.

"Mayu, umetuficha! Mimi nalipa watu wanifundishe, kumbe profesa ninaye nyumbani!"

"Ungeniuliza," nikamwambia, "ningekufundisha kwa kuku mmoja."

Akapiga picha, akatuma kwenye kundi lao la wafanyabiashara. Wanaume wazima wa Mwanza wananisifu. Akasema ukuta ule haubomolewi, atauwekea paa lake peke yake.

Nikacheka naye.

Niseme ulivyokuja ukuta huo. Zamani chama cha ushirika kilinunua pamba peke yake, bei moja msimu mzima. Lilipokuja soko huria wakaja wanunuzi binafsi, kila mmoja na mizani yake, na bei ikawa ya asubuhi tofauti na ya jioni. Watu waliliwa. Mtu anauza Jumatatu, Jumanne anasikia jirani kapata zaidi, anarudi nyumbani kugombana na mkewe.

Mimi nikasema siliwi. Kila jioni nilikwenda kituo cha kununulia pamba kuuliza bei, nikirudi naweka nukta ya mkaa ukutani. Imepanda, napandisha kwa upana wa vidole. Imeshuka, nashusha. Kisha navuta uzi katikati ya nukta za siku saba za nyuma, nyingine juu yake, nyingine chini, na pale uzi ulipopita napaka udongo mweupe. Mkaa ukiwa juu ya mweupe, ngoja. Mkaa ukishuka chini ya mweupe, uza siku hiyohiyo.

Misimu miwili haukunidanganya. Wanawake wenzangu wakawa hawauzi mpaka waje kuniuliza. Nikavimba kichwa.

Msimu wa tatu mume wangu Jilala akaugua tumbo. Lilimvimba, akawa hawezi kulala chali. Zahanati wakasema apelekwe hospitali kubwa Mwanza, na wakati huo hospitali zilikuwa zimeanza kutaka hela mkononi. Ng'ombe wetu walikwisha kwa mahari ya mdogo wake. Tulichokuwa nacho ni pamba, imejaa chumba kile mpaka juu.

Mkaa ulikuwa juu ya mweupe.

"Uza tu, mama Masanja."

"Ngoja, baba Masanja. Bado inapanda."

Siku ya kwanza ikapanda. Ya pili ikapanda. Kila jioni nilikaa kando ya kitanda nikamwonyesha kwa vidole imepanda kiasi gani, naye akawa ananitabasamia. Sikuwa na roho mbaya. Nilitaka atibiwe, na tukirudi, watoto walale chini ya bati. Siku ya tano mkaa ukashuka chini ya mweupe, nikauza. Kituo kizima, waliouza nyuma yangu hakuna aliyepata bei yangu. Walinipigia vigelegele.

Kesho yake tukampakia kwenye lori. Alikata roho njiani tulipofika Mwamanyili, kichwa kwenye mapaja yangu, hela nimezifunga kiunoni.

Mstari haukukosea. Hilo ndilo linaloniua.

Watoto niliwaambia baba yao alishikwa ghafla. Masanja alikuwa hajang'oa meno ya utoto. Amekulia kwenye uongo huo.

Leo mchana aliweka kidole kwenye nukta ya mwisho. "Aliyeuza hapa alijua kazi. Mbona uliishia hapa, mayu?"

Nikamwambia mkaa uliisha.

Nikaenda kukaa jikoni. Ng'wasi akanifuata, ndipo nikaanza kuyasema haya. Tulipofika kwenye lori, aliacha kuandika.

"Mama, na hili niandike?"

"Andika. Ila kwanza niitie mumeo. Asije akalisoma kwenye simu kabla hajalisikia kinywani mwangu."

Amekuja, vumbi mpaka kwenye kope. Nimemwambia yote nikimtazama usoni. Hakupiga kelele. Alikaa chini akainamia sakafu, kama anavyoinamia mistari yake. Kisha akauliza moja tu.

"Siku ya tano, mayu. Kama mkaa usingeshuka?"

Nilifungua mdomo niseme ningeuza tu. Uongo wangu nilimpa mchana, wa pili sikuwa nao.

Hakuuliza tena. Alinishika mkono, tukakaa hivyo mpaka chai ikapoa. Atakavyoufanya ukuta hakuniambia, na mimi sikuthubutu kuuliza.

Ng'wasi anasema nipumzike, tumalizie asubuhi. Hapana. Asubuhi nitatafuta maneno mazuri.

Jilala, kama ingeendelea kupanda, ningekungojesha mpaka siku ya ngapi?