Merikani Isiyotoka Merikani

Mwanangu mpenzi,

Jina nitaliandika mwishoni, maana hapa mwanzoni limenishinda. Rafiki wa mumeo alishuka na gari la moshi, akafika hapa Ihumwa akiulizia nyumba ya Mama Marta. Kila aliyemwuliza alimwambia hakuna mtu wa jina hilo. Alikwisha kugeuka kurudi stesheni na habari zako, mpaka jirani yetu alipomwuliza, "Huyo mama, binti yake yuko wapi?" Akajibu yuko Morogoro, ameolewa na fundi wa reli. "Ah! Si useme Mama Merikani!" Ndivyo nilivyojua kwamba nimepata mjukuu wa kike, na kwamba wewe umebatizwa Marta na hutaki tena kuitwa lile la zamani.

Kwa mjukuu nilipiga vigelegele. Kwa jina niliumia, sikufichi. Aliniambia mawifi zako wamekucheka, "Huko Ugogo watoto hupewa majina ya vitambaa?" Wacha wacheke. Lakini nadhani hukukumbuka kwamba lile jina tulikuwa tunalivaa wawili. Tangu ulipozaliwa hakuna aliyeniita kwa jina langu la usichana, na waliolijua wengi wamekwisha kufa. Ukilitupa lako, mimi hapa niitwe nani?

Kesho yake nikaenda Dodoma kumnunulia mtoto mbeleko. Kazi hiyo ni ya bibi mzaa mama, uwe Marta usiwe Marta.

Dodoma usingeitambua. Tangu reli ifike, maduka yamejipanga karibu na stesheni, mabati yanang'aa mpaka macho yanauma. Unakumbuka tulivyokuwa tukingoja misafara kisimani, baba yako na kapu lake la mtama la kubadilishia nguo? Tulichukua kilichokuja. Siku hizi mtu anachagua. Duka la Mhindi mmoja lina nguo mpaka juu darini, na kila jora limepigwa chapa: simba, meli, jogoo. Watu hawasomi, wanaagiza kwa picha. Mwanamke mmoja mbele yangu alisema, "Nipe kaniki ya jogoo, ile ya simba inachuja," kama mtu anayewajua simba na jogoo hao tangu utoto. Tena hawapimi kwa mkono. Kuna fimbo ya mita, amri ya Wadachi wanaotutawala, kwa hiyo mjomba wako tuliyekuwa tukimtuma kutupimia nguo kwa sababu ya urefu wa mikono yake, sasa hana kazi. Nilicheka peke yangu pale.

Nikamwambia mwenye duka, "Nataka merikani."

"Ipo, mama. Ya simba ni merikani ya Bombay. Ya meli ni merikani ya Udachi."

"Na merikani ya Merikani?"

"Hiyo haiji tena, siku nyingi."

"Sasa hizi mnaziitaje merikani?"

"Mama, nikisema kitambaa cha Bombay nani atanunua? Watu wanataka merikani."

Akaniuliza mimi ni mama nani, apate kuniita vizuri. Nikasita. Nikasema nijaribu, nikajibu, "Mama Marta." Aliingia ndani kukata nguo, nami nikageukia shanga. Akaita, "Mama Marta! Mama Marta, chukua nguo yako!" Mimi naangalia shanga tu. Yule mama wa kaniki ndiye aliyenigusa bega, "We mama, si wewe unayeitwa?" Niliona haya, kisha nikaona uchungu. Nikamwambia mwenye duka ukweli, kwamba mimi ni Mama Merikani. Alicheka mpaka akakaa juu ya jora. "Basi mama, duka lote hili ni wanao!" Nami nikacheka, ningefanyaje.

Njia nzima ya kurudi nilimfikiria marehemu baba yako. Unajua alidhani Merikani ni mtu. Unakumbuka siku mwalimu wa misheni alipotueleza kwamba ni nchi, mimi na wewe tumekaa benchi moja tunahangaika na herufi? Ulinikanyaga mguu chini ya benchi, ukaniita mama kwa Kigogo chetu, ukaninong'oneza, "Yaya, usimwambie baba." Na sikumwambia.

Lakini sababu ya kukupa jina hilo hukupata kuambiwa. Siku uliyozaliwa alirudi kutoka kwenye msafara na upande wa nguo nyeupe. Alikuwa ameupikicha huko huko kwa vidole kama desturi yake, kutafuta ule wanga wanaoupaka ili nguo nyepesi ionekane nzito. Haukudondoka unga hata kidogo. Akawauliza wapagazi nguo hii ni ya nani, wakasema, "Merikani." Basi akaamini kwamba mahali fulani yuko mzee Merikani, amekaa anafuma, na hamdanganyi hata mtu ambaye hatamwona maishani. Akakufunga katika ile nguo akasema, "Mtoto wangu awe hivyo." Hakukupa jina la kitambaa, mwanangu. Alikupa jina la mtu mwaminifu, ila mtu mwenyewe hakuwapo.

Umekuwa hivyo, hilo namshukuru Mungu. Na Marta ni jina zuri. Nalo limetoka mbali kupita Bombay, nashangaa mawifi zako hawalicheki. Sikuambii uliache.

Nilichukua ile ya Bombay. Nilipoipikicha ilitoa unga, kwa hiyo nimeifua na kuifua mpaka maji yakatoka safi kabisa, wanga wote umekwisha. Imebaki nyepesi lakini laini, haitamchubua mtoto. Mbebe nayo mgongoni kama nilivyokubeba. Mawifi zako wakiishika na kuuliza ni nguo gani, utawajibu merikani tu, maana haina jina jingine, na wao wenyewe ndivyo watakavyoiita.

Juu ya kifurushi nimeandika Marta kwa mkono wangu, kisije kikazurura Morogoro kama rafiki yenu alivyozurura huku. Humu ndani ya barua tuko wawili tu. Nina hamu na wewe, na huyo mdogo nataka kumshika kabla hajaota meno. Njoo naye. Ukishuka stesheni ya Dodoma uje huku Ihumwa, kama njia imekupotea, ulizia nyumba yangu kwa jina wanalolijua watu. Itabidi ulitaje kwa kinywa chako. Hakuna jingine litakalokufikisha.

Mbukwa, mwanangu, kwa salamu ya kwetu. Msalimie mumeo.

Ni mimi mzazi wako,

Mama Merikani