Pampu Bado Haijajifunza

Alhamisi, 11 Julai 2024

Lori la chama chetu cha wakulima limezima tena. Leo limezimia getini, limejaa karoti na hoho, wakulima wote wanatazama. Likikanyagiwa mafuta linanguruma vizuri. Dereva wetu, Mzee Hafidhi, akiondoa mguu tu, mngurumo unapanda, unashuka, unapanda, unashuka, kama mtu mwenye kwikwi. Halafu kimya. Ndivyo lilivyo tangu tulipofunga pampu mpya ya mafuta.

Meneja Sefania akaniita ofisini. Akafunga mlango. Akasema mafuta yamechakachuliwa. Anayeleta mapipa ya dizeli kutoka Mombo ni Hafidhi, basi anayechanganya na mafuta ya taa njiani ni Hafidhi huyohuyo. Na kwa kuwa ufunguo wa ghala la mafuta ninao mimi, Ijumaa ya wiki ijayo nitasimama mbele ya wanachama niseme nimeyaona mafuta mabaya kwa macho yangu. Hafidhi ataondoka siku hiyohiyo.

Nikasema, lakini meneja, sijayaona.

Akasema utakuwa umeyaona kufikia Ijumaa. Au wanachama watajiuliza kwa nini karani na dereva wanalindana.

Nikajibu, "Sawa."

Sawa! Mdomo wangu huu! Nimesomeshwa kwa viazi vya mama mpaka diploma, na neno lililotoka ni sawa.

Mzee Hafidhi ameendesha lori la chama tangu nikiwa shule ya msingi. Mvua ikinyesha alikuwa akitupakia nyuma, juu ya kabichi, na kutushusha mmoja mmoja kila mtu kwao. Sijawahi kumsikia akinuka mafuta ya taa. Ananuka blanketi lake lile la kijivu analojifunga akiendesha.

Naandika hapa ili kesho nisijidanganye: sitasema.


Ijumaa, 12 Julai

Nimechukua chupa mbili za soda. Moja nimeijaza kwenye pipa la ghalani, nyingine Mzee Hafidhi amenitolea kwenye tanki la lori. Sikumwambia ya nini. Rangi moja, harufu moja. Tena jenereta la ofisi linakunywa pipa lilelile na halijakohoa hata mara moja.

Nimempelekea meneja. Njiani nilifanya mazoezi ya maneno. Akazitazama chupa kama nimemletea mkojo.

"Jenereta halina kompyuta," akasema. "Hili lori lina kompyuta. Kompyuta haidanganywi."

Nimezirudisha ghalani. Sijazimwaga.


Jumatatu, 15 Julai

Fundi Tobia amekuja kutoka Muheza na mashine yake ya kupimia. Amekuja na fulana! Huku milimani Mlola, Julai, na fulana. Mama Marietha, ambaye karoti zake zimelala chini ya turubai tangu Jumamosi, akamwangalia anavyotetemeka.

"Fundi, huko kwenu kwenye machungwa makoti hayaoti?"

Watu wakacheka. Akaazimwa koti. Akachomeka waya wake chini ya dashibodi, na kwa kuwa maandishi yote ni Kiingereza, akanikalisha kwenye kiti cha dereva nimsomee huku yeye yuko kwenye injini.

Nikasoma. Makosa: hakuna. Presha ya mafuta: sawa. Kisha mstari mmoja nikaurudia mara mbili. Unasema kujifunza kwa pampu bado hakujakamilika.

"Pampu inajifunza nini?" nikauliza.

Tobia akaeleza vizuri, si mtu wa kujivuna. Hakuna pampu mbili zinazosukuma mafuta sawasawa. Ukifunga mpya, kompyuta ya gari haijui tabia yake. Unafuta kumbukumbu za pampu ya zamani, unawasha, unaliacha gari likae sailensi, yaani injini inazunguka na hakuna anayegusa mafuta, mpaka kompyuta izoee. Isipozoea, ukiondoa mguu kwenye mafuta gari linazima.

"Kama bi harusi," Mzee Hafidhi akasema dirishani. "Siku za kwanza usimkaripie, mwache azoee jiko."

"Na huyu wenu amegoma kuzoea, mzee," Tobia akajibu.

Akafuta, akaanza upya. Tukangoja. Likazima. Akafuta tena, akaanza upya, likazima. Asubuhi yote imeisha hivyo. Mwisho akamwambia meneja, huku anatazama viatu vyake, kwamba pampu ni nzima, nozeli za kupulizia mafuta ni nzima, sasa labda ni mafuta.

Meneja akanitazama mimi. Akatabasamu.

Kitu kimoja tu. Kila lilipozima, nilisoma joto la maji kwenye mashine. Halikuwahi kufika hamsini. Sijui kama ni kitu. Nakiandika tu.


Jumanne, 16 Julai

Mzee Hafidhi amejua. Mama Marietha ndiye aliyemwambia. Amesikia kwa mke wa meneja. Nilipomwamkia, "Shikamoo mzee," akaitika "Marahaba mwanangu" kama kawaida. Kisha akasema nisihangaike, mimi bado mdogo, kazi nitaihitaji.

Afadhali angenitukana.


Jumatano, 17 Julai

Ni kitu! Ni kitu!

Nimepanda nyuma ya kanisa ambako mtandao unashika, nikatafuta kitabu cha injini yetu kwenye simu. Kurasa nyingi mno, vidole vimeganda. Lakini kipo: ili pampu ijifunze, gari lisimame, kiyoyozi kizimwe, na joto la maji lifike nyuzi sitini na tano. Chini ya hapo kompyuta haianzi hata kujifunza. Inangoja tu.

Nikampigia Tobia. Akasema hajawahi kulifikiria hilo, maana Muheza hajaona lori lisilofika sitini na tano. "Kule dada, likiegeshwa tu juani linakaribia." Akasema labda sensa, kile kipima joto cha injini, imekufa, inadanganya.

Nikashuka kwa Mzee Hafidhi. Nikamuuliza, mzee, hili lori huwa linapata joto?

Akacheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, unadhani blanketi hili ni urembo? Nikiwasha hita inanipulizia baridi. Tangu meneja atoe ile themostati."

Nikamwambia anieleze polepole.

Themostati ni kidude kama kizibo, kinakaa kwenye njia ya maji ya injini. Maji yakiwa baridi kinafunga, yasiende kupoa kwenye rejeta, kule mbele kunakopiga upepo. Yakishapata moto kinafungua. Miaka mitatu iliyopita, kabla sijaajiriwa, lori lilichemsha kwenye kona za Soni. Meneja Sefania akakitoa kwa mkono wake mwenyewe, wanachama wanatazama, akakiinua juu. Kidude hiki ni cha Ulaya, akasema, cha nchi za baridi, sisi Afrika hakituhusu. Watu wakapiga makofi. Mafundi wa kule chini wote hutoa, akasema, na magari yao yanakwenda.

Cha nchi za baridi! Nimevaa masweta mawili na soksi za mama ninapoandika haya. Ukungu umeingia mpaka chini ya kitanda.

Pampu ya zamani ilikuwa imekwisha kujulikana tangu lori likiwa jipya, likiwa na kizibo chake. Hii mpya haijapata nafasi. Bila kizibo, na kwa baridi hii, hatujawahi kuipa joto la kutosha. Na kila Tobia alipofuta, alikuwa anairudisha mwanzo.

Mafuta ni mazuri. Mzee Hafidhi hana kosa.

Sasa, nani atakayesema, na mbele ya nani? Kumtetea dereva ni kumtaja meneja. Hakuna njia ya katikati, nimeitafuta.


Alhamisi, 18 Julai

Nilikwenda kwa meneja kwanza. Nilitaka iwe kwa adabu, watu wawili, mlango umefungwa. Niliufunga mimi.

Nikamweleza yote. Hakunikatiza. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, "Lightness, unataka kuwaambia wanachama kwamba mimi ndiye niliyeharibu lori lao?"

Nikasema, "Nataka kuwaambia Mzee Hafidhi hajaharibu mafuta yao."

Sentensi ilitoka yote, mwanzo mpaka nukta!

Uso ukambadilika. Akasema themostati haina uhusiano na pampu, moja ni maji, nyingine ni mafuta, hata mtoto anajua. Akasema vyeti vimenipanda kichwani. Akasema mtu wa kukaa nafasi yangu yuko tayari, shemeji yake, naye hana maneno mengi. Kesho saa nne, ukumbini. Nitasema tulichokubaliana.

Hatukukubaliana. Nilisema sawa. Si kitu kimoja.

Tobia ameagiza themostati, lakini inatoka Tanga na haifiki kabla ya Jumamosi. Jumamosi Mzee Hafidhi atakuwa ameshafukuzwa.

Nimekaa jikoni na mama. Alikuwa ameinjika maharage, kuni zimelowa, chungu hakitaki kuchemka. Akachukua gunia, akakinga upepo uliokuwa unakipiga chungu, akakandamiza kifuniko. Baada ya muda kikaanza kunguruma. Nikasimama, nikamshtua.

"Una nini wewe?"

Nikamwambia kesho naomba lile boksi kubwa la sabuni.

Mama ameuliza kama nitapoteza kazi. Nimesema huenda. Akakoroga maharage. Halafu akasema, "Boksi liko uvunguni. Chukua na kamba."


Ijumaa, 19 Julai

Naandika ndani ya lori, daftari liko mapajani. Hakuna la kufanya ila kungoja na kuandika.

Tobia ameingia na basi la kwanza. Leo na koti lake mwenyewe. Hakutaka sana. Meneja ndiye anayemwita kazini, na bado hajalipwa ya Jumatatu. Lakini amekuja. Amesema aibu ya kusingizia mafuta imemlalia wiki nzima.

Mzee Hafidhi amelizungusha lori uwanjani kwanza, gia ndogo, linalia, mpaka mshale wa joto ukainuka kidogo. Tukaegesha mbele ya ukumbi. Tukafunga boksi la sabuni mbele ya rejeta, lote, kwa kamba ya mama. Tobia akafuta, mara ya mwisho, akaniambia nikae hapa na mashine na nisiguse kitu. Injini ikizima tunaanza upya, na muda wa kuanza upya hatuna.

Joto la maji: arobaini na tisa. Injini inapanda inashuka, kwikwi ileile. Kiti kinanitikisa.

Hamsini na tatu. Jumatatu hatukufika hapa.

Mama Marietha amepita kwenda kikaoni. Ameuliza kwa nini lori limevishwa boksi. Tobia akamjibu linaumwa baridi. "Hata mimi," akasema, na hakuendelea kwenda ukumbini. Amesimama hapo, mikono ndani ya kanga.

Hamsini na saba. Kwikwi zimepungua. Au ni mimi nataka zipungue?

Chuma cha reli kimegongwa. Saa nne. Wanaingia.

Hamsini na tisa. Upepo umeanza kutoka bondeni na ukungu pamoja nao. Joto limesimama hapohapo kwenye hamsini na tisa. Halipandi. Boksi limeanza kulowa, pembe moja inaning'inia.

Bado hamsini na tisa.

Meneja ametoka ukumbini. Anakuja. Nimepandisha kioo, nimeacha upenyo wa vidole tu.

"Lightness. Watu wanakungoja."

Nikasema nakuja meneja, bado kidogo.

"Zima hilo gari."

Nikasema, "Sizimi."

Nimelisema! Kwa sauti! Tobia ameinamia tairi kama anayetafuta kitu. Meneja akasema tena, polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kusoma: zima gari, shuka, ingia ndani, sema ulichoona. Nikamwambia nilichoona nakiona hapa, kwenye hii mashine, na ningependa wanachama waje wakione, ukumbi hauna dizeli.

"Unajua unaongea na nani?"

"Najua, meneja. Shikamoo."

Sijui kwa nini nilimwamkia! Ilitoka tu. Mama Marietha amecheka kwa nguvu, na watu wawili watatu wamechungulia kutoka mlangoni mwa ukumbi.

Sitini. Mzee Hafidhi amekuja mbele ya lori. Amejifungua blanketi lake la kijivu, amelikunjua, amelitandika juu ya boksi lililolowa, ameziingiza pembe zake ndani ya bampa. Sasa amesimama na shati tu. Shati la mikono mifupi. Sikuwahi kujua ni mwembamba hivi.

Sitini na mbili.

Wanatoka ukumbini. Wengi. Mtu anauliza kwa Kishambaa kuna nini, Mama Marietha anamjibu kwa sauti ya sokoni kwamba lori linafundishwa, na karani amekataa kulitoa darasani.

Meneja amezunguka upande wangu. Ameshika mpini wa mlango. Umefungwa. Anaingiza mkono kwenye upenyo wa kioo, vidole vinatafuta kitasa cha ndani. Mkono wangu wa kushoto uko juu ya ufunguo, wa kulia unaandika, na yote miwili iko pale ilipo.

Sitini na tano. Kwikwi zimekwisha, sisikii tena kupanda wala kushuka, na mstari ule kwenye mashine sasa unasema kujifunza kwa pampu kumekamilika.