Bibi Harusi na Vidole Chini ya Kioo cha Lori

Jumatatu, 3 Juni

Kikaushio tayari! Sanduku la mbao, wavu ndani, na juu yake kioo cha mbele cha lori langu la zamani. Kimeona mipaka sita kioo hiki, sasa kitaona nyanya. Seremala kakizunguka mara mbili, kauliza honi iko wapi. Wivu huo.

Shemeji, mdogo wake mama watoto, mwenye tanuri la mikate, anataka nyanya kavu. Mfuko kila wiki, mwaka mzima. Lakini aina moja tu, ya kuaminika. Akikubali, mgongo wangu umepona, siendeshi tena. Akikataa, narudi barabarani.

Washindani wawili. Bibi Harusi wangu—mbegu niliivusha mpakani ndani ya soksi, nyanya moja inajaza kiganja. Na Vidole vya mama watoto: virefu, nyama nene, maji kidogo. Sura havina, lakini hayo siyasemi mezani.

Alhamisi, 6 Juni

Tulikubaliana wote na bwana shamba: siku tano kabla ya kuchuma, hakuna kumwagilia. Nyanya ikinywa sana inagoma kukauka. Sawa. Ila shemeji anakuja keshokutwa kushuhudia, na Bibi Harusi leo kanywea. Nani kaona bibi harusi aliyenywea? Mama watoto alikuwa kwa jirani. Nikammwagilia madebe mawili tu. Mawili na nusu.

Jumamosi, 8 Juni

Shemeji kaduwaa! "Shemeji, hizi nyanya au matikiti?" Nikamwambia huo ni mkono wa mtu. Vidole hakuvitazama mara mbili.

Kilo tano kwa kilo tano. Tumepasua, tumenyunyiza chumvi, tumepanga: Bibi Harusi kulia, Vidole kushoto. Mama watoto anageuza. Mimi nasimamia kivulini—kazi nzito kuliko watu wanavyodhani.

Jumanne, 11 Juni

Vidole vimekauka kama ngozi laini, vinakunjika bila kukatika. Na utamu! Nakiri hapa tu: nimeiba vinne. Bibi Harusi bado anachuruzika. Nikamwambia mama watoto, mtu mkubwa hakurupushwi. Akacheka mpaka akakaa chini. Nyumba yenye kicheko hiki, lori la nini?

Jumatano, 12 Juni

Ukungu! Mweupe, upande wa kulia wote.

Na shemeji naye kapita asubuhi hiyohiyo. Kanusa, kamgeukia mama watoto. "Dada, hizi hukuzigeuza. Nyanya nzuri vile!" Vidole kaonja, kavipenda, lakini anasema mkono uliozembea kulia kesho utazembea kushoto. Atatoa jibu Ijumaa.

Mama watoto kaziokota zilizooza moja moja. Na aligeuza kila saa, nilimwona kwa macho yangu. Wakati wa kula akaniambia, "Labda kweli juzi nilichelewa kufunika."

Nikasema, labda.

Labda! Mdomo huu uliowachekesha askari wa mipaka sita, leo umetoa "labda".

Ijumaa, 14 Juni

Shemeji kafika saa nne kasoro. Wako barazani. Mimi chumbani, mlango wazi, naandika, nasikia kila neno.

Mama watoto anamwambia atafute mtu mwingine wa kukausha. Achukue nyanya mbichi tu, yeye kashindwa. Sauti ndogo. Miaka ishirini na miwili sijaisikia sauti hiyo ikitoka kwake.

Nikisema, nimekwisha. Shemeji atamsimulia kila anayekuja kununua mkate. Na Bibi Harusi hatakanyaga tena shamba hili.

"Shemeji, upo?"

"Nipo!"

"Mbona kimya? Unaumwa?"

Anacheka. Mama watoto hacheki.

Nimeshavaa kandambili. Pa kuanzia nimepapata: mama watoto, ile Alhamisi ulipokuwa kwa jirani—