Kitabu cha Vita vya Jumamosi

Nyumbani, chumba cha cherehani,
Jumapili, tarehe 14, mchana.

Mpendwa mwanangu, kifungua mimba wangu,

Nakusalimu kwa mikono yote miwili. Hujambo? Unakula? Na kile kikohozi ulichosema ni cha vumbi la kiwandani, kimeisha kweli au unanificha? Usinifiche, mwanangu. Mama akifichwa huota ndoto mbaya, na mimi nikiota nawaamsha wote.

Sisi huku wazima. Baba yako hajambo, goti tu linamgomea kwenye ngazi. Bibi yako hajambo, meno yamebaki manne lakini maneno yote yapo. Shangazi yako wa chumba cha nyuma hajambo, bado wanagombana na paka. Paka naye hajambo. Mdogo wako, kitinda mimba wangu, hajambo kupita sote, na hasa ndiye aliyenikalisha hapa na kalamu. Hata cherehani haijambo, nimeibadilishia mkanda. Mimi mwenyewe ni mzima, isipokuwa tangu jana moyo unanidunda kama ngoma kwa furaha, na nikikosea herufi nisamehe.

Soksi nilizokushonea zilifika? Zivae. Usiziweke kuwa za wageni.

Sasa nikueleze. Unajua ulipoondoka, ule mchezo wenu wa mezani, wa kuigiza hadithi kwa dadu, ulikufa siku ileile. Msimulizi ulikuwa wewe, na bila msimulizi wale wengine wataigiza nini? Nesi akarudi zake kwenye zamu. Fundi Redio akawa anapita tu dirishani, anasalimia na kuondoka. Mwalimu wa hesabu ndiyo kabisa, sikumwona. Sanduku lako la viatu lenye dadu nililiweka juu ya kabati, na kiti chako nikakisukuma ukutani. Mdogo wako akawa anakula kimya, analala kimya. Nyumba ikapoa kama chai iliyosahauliwa.

Basi mwezi uliopita akalishusha lile sanduku mwenyewe, akasema, "Mama, nitasimulia mimi." Nikapiga kigelegele papo hapo. Akaniambia na hadithi yake. Ni ya vita. Mji umezingirwa, chakula kimekwisha, na kamanda mmoja mwovu ana uganga wa kuwasimamisha maiti waendelee kushika lindo. Kigelegele kikanikauka mdomoni. Nikamwambia, "Mwanangu, huna hadithi ya harusi?" Akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu uondoke, nikanyamaza.

Lakini baba yako hakunyamaza. Unamjua. Aliendesha lori la jeshi kabla hujazaliwa, na miaka thelathini na moja nimelala naye kitanda kimoja hajawahi kunieleza hata nusu siku ya vita vile. Ninachojua ni kwamba hawezi kuona kitambaa cheupe kikipeperuka kwenye kamba. Huondoka. Ndiyo maana vitambaa vya wateja vyeupe huwa navianika kule nyuma, na wewe ulikuwa ukiniuliza kwa nini nasumbuka. Basi alipoisikia hadithi akasema, "Vita havichezewi ndani ya nyumba yangu."

Mdogo wako akamfuata mpaka mlangoni. "Baba, nipe Jumamosi moja tu. Ukikataa baada ya hapo, sanduku nitaligawa na sitakuuliza tena."

Baba yako akatazama viatu vyake. Akasema, "Moja." Akatoka.

Haya, Jumamosi moja, ndiyo jana, na wenzako walipokuja hawakuwa wamekubaliana hata ni kitabu kipi cha kanuni watumie! Mimi nilidhani kitabu cha mchezo ni kimoja, kama daftari la cherehani lilivyo moja. Kumbe viko vingi, na kila kimoja kina vita vyake na mizimu yake. Mwalimu alileta kitabu cha kijani, kinene kama tofali. Fundi Redio akaleta chekundu chenye picha za moto. Nesi akatoa kwenye mkoba wake chembamba cheusi, hakina hata picha. Wakaanza kubishana hapo mezani kama watu wanaogombea shamba. Mwalimu anasema vita bila hesabu ni ngano za watoto. Fundi anasema watu wamechoka na kazi wiki nzima, wanataka kuua mizimu, si kujaza fomu. Nesi anasema hao wote hawajawahi kumfunga mtu kidonda. Mdogo wako kasimama katikati, macho yamejaa maji, na mimi naiona Jumamosi yetu inayoyoma.

Ndipo nikaweka mkasi chini. Nikawaambia, "Nyinyi watoto, nani anakata kitambaa cha bwana harusi bila kupiga bandi kwanza?" Wakanitazama. Nikawaeleza: unashona kwa mkono, mishono mirefu myepesi, mtu anavaa, unaona panapobana, unafumua bila hasara. Basi chukueni kipande kimoja cha hadithi, kilekile, mkijaribu kwa vitabu vyote vitatu. Mwalimu akasema, "Mama, hiyo ni sayansi." Nikamwambia hiyo ni cherehani.

Na kwa kuwa mchezaji alipungua mmoja, wakanikalisha mimi. Mimi, mwanangu! Nikawa mshonaji wa mavazi ya askari. Kipande chenyewe ni hiki: lori limebeba majeruhi, asubuhi, ukungu mzito, kuna daraja mbele, na darajani amesimama mlinzi aliyekufa.

Tukaanza na cha kijani. Mwalimu alifyatua risasi moja. Moja tu! Tukatafuta jedwali la upepo, jedwali la aina ya bunduki, jedwali la unyevu, tukarudi la upepo. Nilichemsha chai, nikamimina, nikarudi, risasi bado iko njiani. Fundi akasema, "Huyo unayempiga kaburi lake limeshaota majani." Mlinzi aliyekufa hakutuona hata. Tukafumua.

Cha Fundi nakiri nilikifurahia. Kila mtu ni shujaa. Nilirusha ile dadu yenu ya pande ishirini, nikapata ishirini, nikaua mizimu kumi na saba kwa sindano ya cherehani! Nilisimama kitini. Fundi anapiga meza, "Mama, maliza hao!" Kisha akaanza kueleza jinsi maiti wanavyoruka vipande vipande hewani, na sote tunacheka. Nikageuka, nikamwona baba yako mlangoni na kikombe chake. Akarudi ndani, na mlango ukafungwa taratibu. Afadhali angeubamiza. Mdogo wako akasema kwa sauti ndogo, "Basi. Imekwisha."

Nesi ndiye aliyesema, "Bado kimoja." Akakisogeza kile cheusi.

Kanuni zake mtu anaweza kuambiwa kwa mdomo zikaingia, hata mimi wa darasa la tatu. Huhesabu risasi, unahesabu hofu. Ukiona jambo la kutisha, unaandikiwa alama. Lakini hapa nilifanya ujinga, mwanangu, na ucheke tu, wenzako wamecheka mpaka leo. Mimi shule niliiacha mapema, ila alama nazijua: nyingi ni nzuri! Basi nikawa nazitafuta. Msimulizi akisema kuna mnong'ono nyuma ya lori, naenda. Kuna blanketi linatikisika peke yake, nalifunua. "Mama, alama moja ya hofu." Nasema, "Ahsante, binti yangu!" Mwalimu akasema hajawahi kuona mama jasiri hivi. Nilipofika tisa nikamwangalia Nesi mwenye mbili tu, nikamwonea huruma, nikamwambia ajitahidi.

Tukafika darajani. Mlinzi aliyekufa akatuuliza kila mmoja, kwa sauti ya mdogo wako ambayo sikujua anayo: "Nani anakungoja nyumbani?" Ilipofika zamu yangu nikakutaja wewe, kwamba mimi ndiye ninayengoja. Nikarusha dadu. Vibaya. Alama ya kumi.

Nikapiga makofi. Hakuna aliyepiga na mimi.

Mdogo wako akasema, "Mama, mwenye kumi habaki na sisi. Anabaki na wafu."

Nikauliza, "Siku zote?" Akasema, "Siku zote." Najua ni karatasi, mwanangu. Najua. Lakini nilimkamata Nesi mkono. Nesi akafunua kitabu harakaharaka: kuna kanuni, mwenzako anaweza kukupokea nusu ya hofu yako, ila kwanza aseme jambo moja alilowahi kuliogopa kweli maishani mwake. Na kila mtu hupokea mara moja tu. Wote watatu walikuwa wameshapokeana huko njiani. Mwalimu alishasema aliogopa darasa lake la kwanza mpaka akajificha stoo ya chaki. Hakuna aliyebaki.

Tukasikia mlango. "Nipeni mimi hiyo ya mama."

Baba yako. Na kikombe kilekile.

Mdogo wako akasema, "Baba, kanuni inasema mpokeaji lazima awe mchezaji. Awe na kiti mezani." Baba yako akatazama huku na huku. Kiti kilichokuwa wazi ni chako tu, pale ukutani. Akakivuta. Akakaa, akanyoosha lile goti, akasema, "Mimi dereva."

Kisha akasema. Nakuandikia kama alivyosema, sijaongeza shono. Alisema asubuhi moja ukungu ulikuwa mzito hata boneti haonekani, na njia ina mashimo ya mabomu. Utingo wake akajifunga kitambaa cheupe mgongoni, akashuka, akatangulia kwa miguu. Yeye akawa anakifuata kile cheupe, taratibu. Kikipotea anasimama. Kikionekana anakwenda. Akasema, "Nilimwogopea yule kuliko nilivyojiogopea mimi."

Nesi akauliza, "Akafika, Mzee?"

"Siku ile alifika. Akaniomba sigara, sikuwa nayo."

"Na siku nyingine?"

Baba yako akasema, "Siku nyingine ni Jumamosi nyingine, binti yangu. Rusheni hizo dadu."

Tulirusha! Akanipokea alama tano, nikarudi kwa walio hai, na nilimkumbatia mbele ya watoto wa watu bila aibu. Mwalimu akauliza, "Sasa Mzee, tuchague kitabu kipi?" Akajibu, "Hicho chembamba. Cha kijani kinaijua bunduki kuliko aliyeibeba. Na hicho chekundu mrudishieni mwenyewe." Fundi akalia, "Mzee, nilikinunua kwa jasho langu!" "Basi kilalie, kiwe mto." Mwanangu, tulicheka mpaka bibi yako akagonga ukuta kuuliza nani kazaliwa.

Kwa hiyo kimechaguliwa. Jumamosi zote ni zetu sasa. Mdogo wako amekula sahani mbili jana na mbili leo. Mimi nimeelezwa upya habari za alama. Na leo asubuhi, akivaa viatu, baba yako aliniambia bila mimi kuuliza kwamba yule utingo wake walimwita Kipepeo. Miaka thelathini na moja! Nilimfungia kamba za viatu ili asinione usoni.

Sasa kilichobaki ndicho kilichonifanya nikuandikie mbio. Lori letu bado halijavuka. Mlinzi ametupisha, lakini ukungu umefunga daraja na dereva amekataa kuondoka. Anasema bila mtu wa kutangulia haendi. Mwalimu alijitolea, akakataliwa. Fundi akajitolea, akakataliwa zaidi. Baba yako amesema, "Huyo wa mbele siku zote huwa mbali. Tunaye mtu wa mbali."

Ni wewe, mwanangu. Mdogo wako ameshakuandikia karatasi yako, haina alama ya hofu hata moja. Utacheza kwa barua. Uandike tu unachokiona huko mbele, kama ni shimo useme shimo, kama ni mzimu useme mzimu, nasi tutaisoma mezani Jumamosi. Kitambaa nimekikata mimi kwenye shuka jipya. Kiko ndani ya bahasha hii. Nilikianika kamba ya mbele, na baba yako alikaa chini yake akinywa chai.

Bibi yako anakusalimu, shangazi anakusalimu, Nesi, Fundi na Mwalimu wote wanakusalimu, na mdogo wako anasema umwite Msimulizi tangu leo. Mungu akufunike huko uliko, akupe kifua kizima na watu wema, na kila njia uliyotokea akuonyeshe pa kurudia.

Baba yako hajui kuandika barua, lakini amesimama hapa nyuma yangu. Anasema utembee polepole, na ugeuke kila mara umtazame kama yupo.

Jibu upesi, mwanangu. Lori limesimama na sote tumo ndani.

Mimi mama yako akupendaye,
Mshonaji wa jeshi, alama tano.