Shikamoo ya Saa Moja Jioni

2 Oktoba

Mwanangu wa redioni,

Salamu nyingi sana. Mimi mzima, ni goti tu linaninung'unikia. Wewe je, kifua kimepona?

Jana ulipotangaza kwamba mvua zinaanza, ua wangu ulijaa majirani. Ukasema, "Shikamooni wazee wangu," nami nikaitika, "Marahaba, mwanangu." Wakacheka kama kila siku, eti mama anaongea na redio. Waache! Leo kijiji kizima kimeingia shambani. Jirani yetu seremala amepanda hata mahindi aliyoweka ya kula. Anasema, "Kama mtoto wetu kasema, basi."

Mama yako

19 Novemba

Mama yangu,

Shikamoo. Kifua kimepona, moyo ndio mgonjwa. Mvua imenyesha siku chache ikakatika, nasi wa hali ya hewa tuliahidi msimu mzima. Serikali nayo ilituamini, ikauza nje mahindi ya akiba. Sasa inayanunua tena kwa bei ya kuruka. Maji ya bwawa la umeme yameshuka, umeme ni wa mgao, viwanda vinafungwa kimoja kimoja. Hapa mtaani mkate haushikiki.

Lakini mimi nawaza shamba lako. Majirani wanasemaje? Niandikie, hata kama ni kunigombeza.

Mwanao

8 Januari

Mama,

Shikamoo. Hujajibu. Unaumwa? Au umenikasirikia? Sema tu.

Mwanao

11 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Nisamehe kwa kimya changu, siumwi. Mahindi yalifika magotini yakakauka yakiwa yamesimama.

Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana. Walikuwa wanakuja kama zamani, wanakaa, ila sauti yako ikianza tu wanainuka mmoja mmoja, kila mtu amesahau kitu nyumbani. Wa mwisho alikuwa seremala, mwezi wa Desemba. Akaniambia, "Dada, mtoto hana ubaya. Masikio yangu tu ndiyo yamemkataa." Kesho yake akafunga karakana, wakahama na watoto. Redio nilimpa mkewe akauze, wapate nauli.

Usidhani ni hasira. Nilishindwa kukusikiliza peke yangu, nilikuwa nalia tu. Lakini kila saa moja jioni natoka uani, naitika marahaba. Najua umeshasalimia.

Mama yako

2 Machi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Barua yako niliisoma kazini, nikaenda kujifungia chooni.

Sikutaka kukuambia. Kipindi changu kiliondolewa hewani mwezi wa kwanza, nimebaki na kazi za ofisini tu. Viwanda vilivyokuwa vinalipia matangazo vimefungwa, kituo hakina hela. Siku zote hizo, Mama, umekuwa ukiitikia salamu ambayo hakuna aliyeitoa. Imeniuma kuliko shamba, kuliko kila kitu.

Jana saa moja umeme ulikuwa umekatika. Nikasimama jikoni gizani, nikasema kwa sauti ile ile ya redioni, "Shikamoo, Mama." Kisha nikanyamaza kidogo, nikupe nafasi ya kuitika.

Mwanao